Msitu Urudishwe na Wenyewe

Miti ya Shinyanga haikuishia mikononi mwa wanakijiji wajinga, kama tunavyopenda kusimuliana. Enzi za Mwingereza sehemu kubwa ya misitu ile ilifyekwa kwa makusudi ili mbung'o wakose maficho. Ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikahitajika. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa, na wengi wakaziacha mbali ngitili zao, yale malisho ambayo Msukuma huyafunga mvua zikianza na kuyafungua kiangazi kikikolea, majani yakiwa yamekwisha kwingine kote. Ngitili ambayo mwenyewe hayupo karibu haina wa kuitetea. Miaka ya 1980 ilipofika, watu walikuwa wakiitaja Shinyanga kama jangwa, na kwa msukumo wa Mwalimu Nyerere ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986.

Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida: vitalu vya serikali, miche ya miti ya kigeni, na mtaalamu wa kuwaambia watu wapande wapi. Mwitikio ukawa mdogo. Mambo yalibadilika pale wataalamu walipokubali kuwauliza wafugaji wenyewe wanahitaji nini, nao wafugaji wakawarudisha kwenye ngitili. Eneo likifungwa ng'ombe wasiingie, machipukizi yalitoka kwenye mizizi iliyokuwa bado hai ardhini, bila kupandwa na mtu. Ngitili zilizokuwa zikijulikana mwaka ule wa 1986 zilikadiriwa kuwa takriban hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Nimelirudia simulizi hili mara nyingi mbele ya watu wa mazingira, na kila mara naulizwa ni aina gani ya miti iliyotumika. Swali linalostahili ni nani aliyekuwa na kauli ya mwisho. Ngitili nyingi zilikuwa za familia, nyingine za kijiji au za vikundi. Sheria zake ziliwekwa na wenyeji. Aliyeingiza mifugo wakati usiofaa alipelekwa kwenye dagashida, baraza la Wasukuma wenyewe, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walisimamia adhabu. Askari wa misitu wa wilaya, hata akiwa na pikipiki na mafuta ya kutosha, hawezi kuwa macho hivyo usiku na mchana.

Babati nako kuna funzo. Serikali ilipotaka kuuchukua msitu wa Duru-Haitemba uwe hifadhi yake, wanavijiji walizidi kuukata, maana waliona unawatoka. Nadhani yeyote kati yetu angefanya hivyo. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vilipokabidhiwa msitu huohuo, viligawana mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikaweka walinzi wao, na msitu ukaanza kupona.

Kwa hiyo inaniuma kuona kila msimu wa mvua wananchi wakiitwa kuchimba mashimo, kupiga picha na mgeni rasmi, kisha kurudi nyumbani bila kujua ile miche ni ya nani. Mbuzi wanaila Februari. Mwaka unaofuata inahesabiwa mingine. Kule Dodoma wakulima wanaofuata njia ya kisiki hai huchagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki kilichopo shambani, wanapogolea mengine na kuyalinda yaliyobaki. Gharama yake ni kisu, kitambaa cha kuweka alama na uvumilivu, na mti ni wa mwenye shamba tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo, ngitili hazikumnufaisha kila mtu sawasawa. Mwenye ardhi kubwa hufunga eneo kubwa, halafu huwauzia majirani malisho wakati wa ukame. Asiye na ardhi anabaki na ngitili ya kijiji, na ikifungwa yeye ndiye wa kwanza kukosa pa kuchungia. Mama aliyekuwa anaokota kuni pale atatembea mbali zaidi miaka yote ya kungoja. Hapa ndipo fedha za miradi zinapohitajika kweli: kulipa walinzi wa kijiji, kununua majiko yanayobana kuni, kuwapa mizinga ya nyuki wale wasio na shamba.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati za kumiliki ardhi kimila, hata kwa vikundi. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutangaza msitu wake na kuusimamia. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango wa matumizi ya ardhi uliopimwa na kupitishwa, na upimaji unahitaji fedha ambazo halmashauri husema hazipo. Basi mfadhili atakayekuja na ahadi ya miche milioni aombwe kwanza kulipia upimaji. Na mkutano mkuu wa kijiji uamue, wanawake na wafugaji wakiwemo, eneo gani lifungwe, kwa miaka mingapi, na nani atavuna nini litakapofunguliwa.