Nani Hayumo Katika Kicheko Hiki?

Tiketi zaidi ya milioni 17 ziliuzwa Ufaransa kuitazama filamu ya vichekesho La Grande Vadrouille, iliyotoka Desemba 1966, na hakuna filamu ya Kifaransa iliyoipiku huko hadi 2008. Kisa ni cha 1942, Wajerumani wakiwa wameikalia Paris. Ndege ya Waingereza inatunguliwa juu ya Paris, na marubani wake wanaangukia kwa fundi rangi (Bourvil) na kondakta wa okestra ya Opera (Louis de Funès). Basi ni mbio tu: maboga yanavurumishwa kwa Wajerumani wa pikipiki, na mwishoni askari mwenye makengeza anaitungua ndege ya wenzake.

Wanaoilaumu hawana ugomvi na kicheko. Wanauliza nani hayumo. Julai 1942, polisi wa Kifaransa, si Wajerumani, waliwakamata Wayahudi karibu 13,000 jijini Paris kwa siku mbili. Kwenye filamu, watawa, wenye hoteli, hata wachezesha vikaragosi, karibu wote ni watu wema. Taifa lilijichekea likalala usingizi mnono. Marcel Ophüls alipoonyesha Wafaransa walioshirikiana na adui katika Le Chagrin et la Pitié, filamu yake ya 1969, televisheni ya taifa haikuirusha hadi 1981. Hoja hiyo ina uzito.

Ila mwongozaji, Gérard Oury, alikuwa Myahudi. Sheria za serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ndizo zilizomkimbiza hadi Uswisi, na bintiye Danièle Thompson, aliyeshiriki kuandika filamu hii, alizaliwa mwaka huohuo wa 1942. Nani atamwambia mtu huyo kwamba hakujua? Halafu watazame mashujaa wake: hawataki ushujaa! Kondakta anawaza onyesho lake, fundi anawaza rangi yake. Wanaingia kwenye mapambano kwa sababu mlango wa kutokea umefungwa. Woga huo, kwangu mimi, una ukweli kuliko hotuba nyingi za enzi za de Gaulle, rais wa wakati huo, na wakosoaji wanauruka haraka mno.

Kwa hiyo nusu ya kesi nampa Oury. Nusu nyingine inanikwamia pale mwisho, wanapopaa kwa ndege zisizo na injini kuelekea "eneo huru", sehemu ya Ufaransa ambayo Wajerumani hawakuwa wameikalia, nasi tunashangilia kwamba wameokoka. Eneo hilo lilitawaliwa na Vichy, serikali ileile iliyomkimbiza yeye.