Dawa ya presha na kreatinini iliyopanda

Ukikaa na wazee wa kahawa pale Mkunguni, Lamu, utaambiwa dawa za presha huua figo. Hawasemi ovyo. Mtu kaanzishwa enalaprili au losartani, dawa mbili za presha, wiki mbili baadaye kapimwa damu, kreatinini, taka ambayo figo huichuja, imepanda. Kaziacha. Naona dawa hizi zinaonewa, ingawa kesi ya wazee si ya bure.

Damu inayoifikia figo ikipungua, figo haina njia ya kujua kama mwili umekaukiwa maji au ni mshipa wake tu uliozibwa na mafuta. Hufanya lile lile: hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, nacho huanzisha kazi inayoishia kwenye anjiotensini. Hiyo hubana mishipa mwili mzima na kuzichochea tezi za juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni inayozuia chumvi na maji. Mtafiti wa Marekani, Harry Goldblatt, alionyesha mwanzo wa hilo 1934, alipobana mishipa ya figo za mbwa na presha zao zikapanda.

Anjiotensini hiyo hiyo hukaza kijishipa cha kutolea damu kwenye chujio la figo, ili msukumo wa kuchuja usishuke. Enalaprili na losartani huizuia anjiotensini, kijishipa kinalegea, msukumo unapungua, kreatinini inapanda kidogo. Chujio lenyewe ni zima. Ndiyo maana madaktari huvumilia ongezeko lisilozidi asilimia 30, na hii 30 ndiyo inayosahauliwa hadi inakera. Mwanamume aliyekuwa na kreatinini ya 100 akafika 125, na kipimo kinachofuata kikabaki hapo, hana sababu ya kuacha. Aliyefika 180 ana shida ya kweli. Lakini karatasi ya maabara huwawekea wote wawili herufi moja, H, yaani imezidi, nao hurudi nyumbani na hofu ile ile. Na utafiti wa 2001 kwa wagonjwa 1,513 wa kisukari ulioharibu figo ulionyesha losartani ikipunguza hatari ya figo kufeli kabisa kwa asilimia 28.

Upande wa pili una haki yake. Mwenye mishipa ya figo zote mbili iliyosinyaa, au mwenye figo moja tu ambayo mshipa wake umesinyaa, uchujaji wake umeshikiliwa na anjiotensini. Ukiiondoa, figo inaweza kugoma. Halafu kuna anayehara siku mbili za kaskazi huku akinywa dawa ya kukojoza, na juu yake Brufen ya mgongo aliyouziwa dukani bila kuulizwa neno. Brufen hubana kijishipa cha kuingizia damu. Figo ikifeli hapo, lawama huangukia dawa ya presha peke yake.

Kreatinini na potasiamu zipimwe kabla ya kuanza, kisha wiki moja au mbili baadaye. Bila namba ya kwanza, 125 haisemi kitu. Kwa aliye Kiwayu, kisiwa cha mbali, ambaye kurudia kipimo ni safari ya boti, namwelewa daktari anayeanza na amlodipini, dawa ya presha isiyogusa anjiotensini.