Doto Aliyesimama Hakuwa Doto Aliyeitwa

Kwa kuwa kaka yangu Kulwa amekwisha kuisimulia nusu ya mji habari ya utambulisho wangu ukweni, tena akiongeza kwamba nililia, naona nina haki ya kueleza mwenyewe. Sikulia. Lilikuwa jasho, na Bagamoyo kuna joto.

Wanyamwezi wenzangu hawahitaji maelezo, lakini ninyi wengine mnaonifuata hapa mtanivumilia: kwetu Tabora, kama ilivyo kwa Wasukuma, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa na anayefuata huitwa Doto, awe wa kiume au wa kike. Baba yangu ni Doto, na Kulwa wake ni shangazi yetu. Baba naye akajaliwa mapacha, na kwa kuwa wengi wetu Tanzania hatuna jina moja la ukoo linaloshuka vizazi vyote, bali mtoto hubeba jina la baba yake, kaka yangu akawa Kulwa Doto, nami nikawa Doto Doto. (Msicheke bado.) Karani mmoja aliwahi kunifutia jina moja kwenye fomu akidhani nimejirudia.

Mchumba wangu ni Mwanaidi binti Khamis, yaani yeye alizaliwa siku ya Idi na baba yake Alhamisi, na shangazi yake ni Bi Tatu kwa sababu alitanguliwa na Mosi na Pili. Watu wanaowapa watoto majina kwa kalenda na kwa hesabu walipaswa kutuelewa upesi kuliko wote, ila Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Tabora kwenda Bagamoyo katika karne ya 19, na mtani akikuona umekwama hakuelewi hata kidogo.

Mshenga wetu alizungumza vizuri, hata akajisifu kwamba jina letu si dogo, kwani Doto Biteko aliteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023. Mwanaidi akaletwa akiwa amefunikwa khanga gubigubi. Bi Tatu akatangaza, "Doto asimame, aje aketi na mwenzake."

Nilikuwa nikifunga kifungo cha kanzu. Upande wa pili wa mkeka nikaona goti la baba linanyooka. Baba hasikii vizuri sikio la kushoto, lakini jina lake hulisikia hata usingizini, tena alianza kuliitikia miaka mingi kabla yangu. Akashika bega la mshenga, akainuka, akaweka kofia sawa. Nikafumbua mdomo, sauti ikakataa kutoka. Vigelegele vikalipuka. Baba akapiga hatua ya kwanza, akapiga ya pili, akitabasamu kama diwani aliyepita bila kupingwa, huku mama akimtazama pasipo kupepesa. Mama mmoja akasifu mvi zake, akasema huyu angalau ametulia. Akaketi. Bi Tatu akamnyunyizia marashi. Ndipo Mwanaidi alipochungulia chini ya khanga, akaona miguu isiyo yangu, akapiga ukelele uliosikika, nadhani, mpaka Zanzibar.

Kulwa, ambaye ndiye aliyepaswa kuniokoa, akapaza sauti, "Siyo Doto huyo, ni Doto wa Doto!" Nyumba nzima ikaanza kumtafuta Doto wa tatu. Bibi yake Mwanaidi akauliza kwa upole kama huko Tabora majina hutolewa kwa mgao.

Yaliyobaki ni mafupi: watani walitutoza faini, mahari ikakubaliwa, tukala pilau, tukaondoka. Ndani ya gari mama hakusema neno, na baba alinukia vizuri kuliko sote. Kadi za mwaliko ziko kwa mpiga chapa, na bibi ameagiza kwamba mbele ya jina langu liandikwe, kwa mabano, neno "kijana".