Wimbi la Kanali na Ndoo Yangu

Jamani ukistaafu usikubali ukatibu. Ukisikia mtu anasema "wewe mwandiko wako mzuri" toka mbio, ingia hata kichochoroni. Mie niliambiwa hivyo miaka mitatu iliyopita pale kwenye chama chetu cha maofisa wastaafu wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, nikachekacheka kama bi harusi, na kabla chai haijapoa nilikuwa nshapewa daftari, kalamu isiyoandika na deni la mahamri la mwezi uliopita.

Mjue kwanza mie nilikuwa mtu wa stoo. Kambi ya wanamaji Mtongwe miaka 22, buti, kofia, sabuni, mikebe ya maharagwe, kamba, ndoo, vyote vimepita mikononi mwangu na vyote nimevitilia sahihi. Baharini nimekwenda, sikatai, nilifika Shimoni, hapo pwani ya kusini, nikarudi, na siku ile nilitapika mpaka vitu nilivyokula Idi ya mwaka wa nyuma. Kwa hivyo mbele ya wenzangu mie ni baharia wa nchi kavu, na kazi yangu ni kuandika vituko vya baharini vya watu wengine, walivyokwenda wao na mie sikwenda.

Twakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, kwenye hoteli moja Mji wa Kale, Mombasa, na saa nne ya mwanajeshi mwaijua, watu wamefika saa tatu na nusu wamekaa wanaulizana kwa nini wengine wamechelewa. Anayechelewa kikweli ni mmoja tu, Meja wetu anayekaa Mtongwe, ambaye amegombana na feri ya Likoni, inayovusha watu kuja mjini. Sikutanii. Yeye zamani alihudumu kwenye manowari ya KNS Harambee, sasa siku moja yuko kwenye tuktuk anamsimulia kijana wa watu, "mimi nimekaa Harambee miaka minne," kijana akamwambia "pole mzee, basi hiyo feri waijua inavyosumbua." Maana feri ya Likoni nayo ipo ya jina hilo hilo, MV Harambee, na ipo MV Nyayo kama tulivyokuwa na KNS Nyayo. Meja hakusema neno mpaka mwisho wa safari. Tangu siku hiyo havuki Likoni, anazunguka barabara ya Dongo Kundu na gari, petroli yake, anafika saa tano kasoro amenuna, na kila mkutano anataka barua iandikwe serikalini feri ibadilishwe jina. Nani anaandika? Mie. Nshaandika nne. Ya tano alitaka iseme "kwa masikitiko makubwa".

Halafu makoti! Chama kina sare, koti la buluu la sufu, vifungo vya shaba, tai. Sufu, Mombasa, mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi umekufa hata jani halitikisiki. Makoti yenyewe yalishonwa wakati watu wana viuno, leo vifungo vimekaa kama vinashikilia mlango wakati wa fujo. Mwaka jana kimoja kilifyatuka kikaangukia bakuli la mbaazi la jirani na hakuna aliyecheka, mpaka mwenyewe alipokifuata na kijiko.

Na wote wana sukari. Yaani daktari keshawakataza wote, kwa hivyo ukipita meza utaona chai ya rangi isiyo sukari mbele ya kila mmoja, heshima tupu, kumbe chini ya magazeti kuna sahani ya kaimati. Namuona Meja kwa macho yangu anachukua moja, anaangalia dirishani kama anatafuta meli, inaingia yote mdomoni, shira inamtiririka kwenye kidevu inashuka kwenye tai palipo na nembo ya nanga, anaipangusa na ajenda. Ajenda niliyoichapa kwa pesa zangu.

Sehemu inayonimaliza ni Habari za Wanachama. Mtu hataki habari zake zipite hivi hivi, anataka ziandikwe. Mwezi uliopita Kapteni mmoja alinijia amekasirika, goti lake nimelipa mstari mmoja ilhali kibofu cha mwenzake nimekipa aya nzima. Nikamwambia Kapteni, kibofu kilifanyiwa operesheni, goti lako linauma tu. Akasema "linauma tangu 1991." Basi nikaongeza mstari. Huyu Kapteni ndiye aliyepatana na mgeni wa Kiingereza, mzee mwenzetu wa manowari za kwao, akajitambulisha "I am Captain," yule Mzungu akasimama wima akampa heshima zote, kwa sababu kwao kapteni wa majini ni mtu mkubwa anayekabidhiwa manowari nzima, sisi huku tunatumia vyeo vya nchi kavu, kapteni wetu bado anatumwa akalete faili. Hakumrekebisha! Alikula chakula cha mchana cha bure, akaagiza na kamba.

Michango sitaki hata kuisema. Ukituma ujumbe kwamba kuna mgonjwa, shilingi 500 kila mtu, simu zote zinazama kama nyambizi. Wa kwanza kujibu atasema "amina". Amina haiingii M-Pesa bwana. Lakini mwenzetu akifariki, hapo sina la kulalamika, kabla sijamaliza kuandika pesa zishaingia na watu wako makaburini na yale makoti ya sufu juani, wazee wa miaka 70 wamesimama hawapepesi, na Kapteni na goti lake.

Sasa Kanali. Kanali ndiye mwenyekiti na kila mkutano anaufungua na methali ile ile, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani (tezi nyuma ya chombo, omo mbele, ngamani tumboni mwake), anaitoa kwa sauti ya baharia anayepima kina cha maji, na mie kila mara najisemea moyoni, nyinyi mlikwenda tezi mkaenda omo, mie ngamani sikutoka. Baada ya methali linakuja wimbi. Mwaka wa 1983, mwezi wa Julai, Kanali akiwa luteni kijana ndani ya manowari ya KNS Mamba, wanarudi kutoka upande wa Kiunga huko kaskazini, upepo wa kusi unawapiga usoni, wimbi likainuka.

Shida ni kwamba mie naandika miniti, yaani kumbukumbu za mkutano. Mkutano wa Machi wimbi lilikuwa mita 4. Kwa kusi ya Julai na boti ya mita 37 naamini kabisa. Juni likawa mita 7. Septemba mita 9 na mpishi akatupwa ukutani na sufuria. Tarehe 12 Disemba tulipokula chakula cha jioni cha kuadhimisha kuundwa kwa jeshi letu mwaka wa 1964 (siku hiyo hiyo Kenya ikawa Jamhuri, ndio maana hakuna anayeikumbuka birthday yetu, wote wanaangalia gwaride), wimbi likawa mita 14 na juu yake kuna nyangumi.

Mie mjinga nikainua mkono. Nikasema Mwenyekiti, kwa kumbukumbu tu, miniti za Machi zinasema nne.

Kimya. Nilisikia kijiko cha Meja kikitua kwenye kisahani. Kanali akanitazama kuanzia kwenye viatu akapanda mpaka kwenye kipara, akauliza polepole, "Katibu, wewe siku hiyo ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa stoo mheshimiwa. "Unafanya nini?" Nahesabu soksi. Walicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama twahitaji bili.

Januari Kanali akaugua. Nikatangaza twende tukamtazame, kila mtu "nitapitia", "niko Malindi", "goti". Nikaenda peke yangu na madafu mawili na machungwa. Shemeji akanikaribisha, nikamkuta mzee kitandani na kikoi na fulana, miguu imekuwa myembamba kama makasia, na lile koti limetundikwa nyuma ya mlango, bado liko kwenye nailoni ya dobi. Akataka nimsomee miniti. Nikasoma, kufika kwenye wimbi nikalipita haraka haraka, akasema rudi. Nikasoma mita 14, nyangumi. Akacheka, akakohoa, akaniambia nifunge mlango.

"Katibu, lile wimbi mimi sikuliona."

Nikanyamaza.

"Nilikuwa chini. Kichwa ndani ya ndoo. Tangu tulipong'oa nanga mpaka tunaona mnara, kichwa ndani ya ndoo. Wimbi nilihadithiwa."

Sasa mtu mwengine angemuonea huruma, au angeuliza mbona miaka 40 unatuzungusha. Mie swali lililonitoka ni "ndoo ya bati au ya plastiki?" Akasema ya bati. Nikamuuliza ina namba ya rangi nyeupe ubavuni? Akafumba macho akaitaja! Namba nzima! Alikuwa ameikodolea safari yote, hana kingine cha kuangalia. Na mie namba ile naijua kama jina la mamangu, kwa sababu ndoo ile ilitoka stoo kwangu kwenda Mamba na haikurudi, nikaandika barua, nikaulizia, nikaambiwa imepotea baharini, mwisho wa mwezi nikakatwa shilingi 45 kwenye mshahara.

"Kanali," nikamwambia, "ndoo yangu iko wapi?"

"Niliitupa. Wenzangu wasiione."

Shemeji alipoingia na uji wa pilipili manga alitukuta wazee wawili hatusemezani, mmoja anaangalia dari, mwengine anaangalia madafu.

Machi hii akaja mkutanoni. Koti, tai, fimbo mkononi. Tezi na omo, kama kawaida, kisha wimbi. Mita 16, nyangumi wawili, mama na mtoto. Meza nzima ikanigeukia mie wanangoja niinue mkono, Meja ameacha kutafuna kabisa. Nikainamisha kichwa nikaandika: mita 16. Nyangumi, 2.

Tulipokuwa tunatoka Kanali akanishika mkono kwenye ngazi, akanisogeza pembeni, akatoa noti ya hamsini iliyokunjwa mara nne akanitia mfuko wa shati. Nikasema Mwenyekiti, si lazima. Akasema deni ni deni. Nikashukuru, macho yakataka kunilenga, nikageuka niende zangu, lakini yeye bado amesimama pale pale na fimbo yake ananitazama, nikadhani amezidiwa, nikamuuliza vipi mzee wangu, nikuitie tuktuk?

Kumbe anangoja chenji yake ya tano.