Mwalimu mtarajiwa na majibu ya mtandaoni

Wakufunzi wa vyuo vya ualimu wanalalamika kwamba wanachuo wanakwenda BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) na maandalio ya somo waliyodesa mtandaoni. Malalamiko hayo yana msingi. Andalio la mtaala wa zamani, au lililoandikwa kwa shule za Kenya, linabadilishwa jina la shule na tarehe tu, kisha linaingia darasani, wakati mtaala wetu ulioboreshwa unatumika tangu Januari 2024.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka mwanachuo aachane na intaneti. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vinavyosomwa bure. Kwa aliyepangiwa shule ambako watoto kadhaa wanachangia kitabu kimoja, huo ni msaada mkubwa mno kuuzuia.

Tatizo liko kwenye namna ya kutafuta. Chukua swali jepesi la darasani: Tanzania ina mikoa mingapi? Mtandaoni utakuta 26, 30 na 31, zote zimeandikwa kwa uhakika uleule. Kabla ya 2012 nchi nzima ilikuwa na mikoa 26. Mwaka huo zikaongezeka Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya, ikawa 31. Ajabu ni kwamba 26 bado utaikuta kwenye kurasa zilizo sahihi kabisa, maana leo ndiyo idadi ya mikoa ya Bara peke yake, na Zanzibar ina mitano. Anayekopi jibu la kwanza anaweza kuandika ubaoni namba sahihi yenye maana isiyo sahihi, na watoto wataibeba hivyo hivyo hadi kwenye mtihani.

Kuangalia tarehe ya ukurasa, kuongeza site:go.tz kwenye maneno unayotafuta ili zije tovuti za serikali tu, kufunga maneno kwa alama za kunukuu ili yatafutwe kama yalivyo: haya yanafundishika kwa vipindi vichache. Kigumu ni kuchagua kinachofaa darasa lako. Video ya kupima wanga inaonyesha maabara yenye kila kifaa, lakini mwalimu mwenye watoto 80 anaweza kuwa na kipande cha muhogo na iodini ya duka la dawa tu. Tone moja linageuka bluu-nyeusi, na somo limeeleweka. Uamuzi huo hautafutwi kwenye simu, na hapo wakufunzi wako sahihi kabisa.

Ndiyo maana napendekeza kila andalio la BTP liwe na sehemu fupi: nimetoa wapi, ni la mwaka gani, nimebadilisha nini na kwa nini. Mkufunzi aanzie hapo kumhoji mwanachuo. Na chuo kitakachodai hivyo kiwe na intaneti inayofanya kazi, kwa sababu sasa hivi bando la kutafutia zana za kufundishia linatoka mfukoni mwa mwanachuo, na wapo wanaodesa kwa kuwa megabaiti zimewaishia kabla hawajafungua ukurasa wa pili.