Kerio kwa baiskeli: anzia Kabarnet, si Iten

Karibu kila anayepanga kulivuka Bonde la Kerio, nchini Kenya, kwa baiskeli huanzia Iten. Ukimuuliza sababu atakwambia, si ndiko watu hulala? Huko kuna hoteli zilizokaa ukingoni mwa genge, kuna wanariadha wa kupiga nao picha, na isitoshe siku inaanza na mteremko. Nani asiyependa safari inayoanza kwa kuteleza bila kukanyaga pedali? Mimi siafiki. Anzia Kabarnet, umalizie Iten, hata kama Iten iko juu zaidi na jasho litakutoka zaidi. Sababu yangu kubwa ni jua.

Bonde lenyewe limelala kusini kwenda kaskazini. Magharibi kuna ukuta wa Elgeyo, na juu yake Iten, mji ulio kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mashariki kuna vilima vya Tugen, na Kabarnet imekaa mgongoni mwao, chini kidogo ya Iten. Katikati unapita Mto Kerio ukielekea Ziwa Turkana. Barabara ya lami inayounganisha miji hii miwili ina zaidi kidogo ya kilomita 50, na katika hizo unashuka karibu mita elfu moja, unavuka mto, halafu unapanda nyingi kuliko ulizoshuka. Ni huko Tugen ambako mwaka 2000 timu ya Brigitte Senut na Martin Pickford ilichimbua mabaki ya Orrorin, kiumbe wa kama miaka milioni 6 iliyopita. Wanasema alitembea kwa miguu miwili. Kama ni kweli, basi uchungu wa vilima hivi kwenye mapaja haukuanza na sisi.

Sasa fuata mwendo wa jua. Ukitoka Kabarnet mapema, unashuka upande wa magharibi wa Tugen wakati jua bado liko nyuma ya kilima. Unashuka kivulini, mikono ina nguvu, macho hayajachoka. Na mbele yako, ng'ambo ya bonde, ukuta mzima wa Elgeyo unapigwa na mwanga wa asubuhi kutoka juu hadi chini: matabaka ya miamba, mashamba yaliyong'ang'ania miteremko ya mlima, mabati yakimetameta upande wa Tambach. Aliyelala Iten akilipia mandhari haoni picha hiyo, kwa kuwa amesimama juu yake.

Alasiri ndipo unapoanza kupanda. Ukuta wa Elgeyo unatazama mashariki, kwa hiyo jua likishainama, genge lenyewe linakutilia kivuli. Kuanzia kama saa kumi unapanda bila jua usoni, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa. Anayekwenda kinyume anashuka asubuhi jua likimpiga usoni, kila kona inamfumba macho, kisha alasiri anapanda Tugen upande ule unaochomwa mpaka magharibi. Akirudi Nairobi anasimulia kwamba Kerio ni jehanamu.

Na tukitaja jehanamu, Wakenya wengi waliowahi kupanda baiskeli kwenye korongo walifanya hivyo Hell's Gate, yaani Lango la Jehanamu, kule Naivasha. Sina ugomvi na mahali pale. Ni hifadhi ya taifa tangu 1984, na ni mojawapo ya chache ambazo unaruhusiwa kuingia na baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Lakini tuseme ukweli: pale baiskeli ni ya kukufikisha tu. Unaendesha kwenye uwanda kati ya magenge, ukifika kwenye korongo lenyewe unaiegesha. Baiskeli nyingi za kukodi nilizokutana nazo huko zina gia zinazojibadilisha zenyewe na kiti kinachozunguka kama feni. Kerio inakutaka baiskeli yako mwenyewe, uliyoikagua mwenyewe.

Ukaguzi huo uanzie breki. Watu hutayarisha miguu kwa ajili ya Iten wakasahau kwamba asubuhi inaanza na vidole. Mteremko wa Kabarnet una kona zinazojikunja, na kuna sehemu unamkuta ng'ombe amesimama katikati ya lami bila haraka yoyote. Kama una breki za raba zinazobana rimu, usizishikilie muda wote. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha upepo upoze, bana tena. Ukishikilia mfululizo, rimu inapata moto kiasi kwamba ukiigusa kwa kidole utakitoa haraka, na moto huo unaweza kupasua tyubu ukiwa kwenye mwendo. Simama mara mbili tatu. Kwanza kuna sababu ya kusimama: mandhari iko palepale. Halafu mkono uliokakamaa haubani breki vizuri, na hili ndilo jambo jingine linalonifanya niseme anza na mteremko huu mfupi ukiwa mzima, kuliko kuumaliza mrefu wa Elgeyo kwa pupa kwa sababu eti ni bure.

Chini kabisa unafika Cheploch. Hapa Kerio, mto ambao kwingine umetanuka na kujilaza kwenye mchanga, unabanwa kati ya kuta mbili za mwamba, na daraja linapita juu yake. Egesha baiskeli, tembea hadi ukingoni, tazama chini. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa wakati wa mvua, na miamba imelainishwa na mafuriko hadi inang'aa. Kuna matundu ya mviringo kwenye jiwe, yaliyochimbwa na kokoto zinazozungushwa na maji mwaka baada ya mwaka. Kwa gari, korongo hili huchukua muda wa kufumba na kufumbua. Nimewahi kupanda matatu na watu waliopita hapo wakitazama simu, wasijue kwamba wamevuka kitu.

Kuna vijana wa hapo wanaojirusha kutoka kwenye mwamba hadi mtoni, wageni wakilipa. Mto una mamba, na wao wanalijua hilo kuliko sisi. Wengine huona ni aibu kulipa, wengine hutoa simu na kupiga kelele za "rudia, rudia!" Msimamo wangu uko hivi: mtu mzima aliyeuchagua ufundi huu na kuujua mto wake, mlipe, na mpatane bei kabla hajavua shati. Mtoto wa shule aliyeko pale siku ya masomo, usimlipe aruke hata akikubembeleza, kwa kuwa shilingi yako ndiyo inayomfundisha kwamba darasani hakuna hela. Na kama hutaki kuona mtu akiruka, sema tu hutaki. Kaeni mzungumze. Vijana hao watakueleza mto ulivyokuwa wiki jana na utakavyokuwa kesho kwa usahihi ambao hutaupata kwenye simu.

Usidharau habari za mto. Kerio inakusanya maji kutoka nyanda za juu za kusini, na mvua iliyonyesha huko usikoona inaweza kukufikia wewe uliyekaa kwenye jua kali. Mwaka 2019 watu saba walifariki Hell's Gate baada ya mafuriko ya ghafla kuingia korongoni. Kwa hiyo chovya miguu ukiambiwa na wenyeji ni salama, vinginevyo baki juu. Na ninapoisifu njia hii, nasifu njia hii tu. Kaskazini zaidi, kuelekea Tot na Chesegon, bonde lina mashambulizi ya wezi wa mifugo na maporomoko ya ardhi kama yale ya Chesegon ya Aprili 2020. Huko usiende na baiskeli kwa kusoma makala ya mtu kwenye mtandao.

Mchana wa Kerio ni wa kukaa. Joto la chini halifanani kabisa na baridi uliyoiacha Kabarnet ukiwa na koti. Kuanzia saa tano hadi saa nane mimi siendi popote. Nunua maembe kama ni msimu, nunua tikiti maji, ulizia asali, ambayo huku inauzwa kwenye chupa zilizowahi kuwa na vinywaji vya kila namna. Tafuta kibanda chenye kivuli, agiza chai na ndengu na chapati, ujaze chupa zako zote za maji. Mwenye kibanda atakuuliza swali ambalo nimeulizwa na kila mama wa bonde hili: "Kijana, gari limeharibika wapi?" Ukimjibu kwamba huna gari, kwamba umekuja na baiskeli makusudi, atakutazama, atatazama baiskeli, halafu atakuongezea chapati. "Kula basi. Huo mlima hauna huruma."

Huyo mama ndiye hoja yangu ya pili. Watu wanaopanga utalii wa eneo hili wanapenda kinachoonekana kutoka juu: miavuli ya kuruka angani, hoteli za ukingoni, nembo ya mji wa mabingwa. Vyote ni vizuri, lakini pesa zake zinabaki kwenye ukingo. Mwenye gari anavuka bonde zima bila kufungua dirisha kwa sababu ana kiyoyozi. Mwendesha baiskeli hana ujanja. Atakunywa maji hapa, atakula pale, atatafuta fundi wa kumzibia pancha, atalala. Kama kweli tunataka wageni wanaoacha shilingi chini bondeni, hawa ndio, na hawahitaji kujengewa uwanja. Wanachohitaji ni bega la barabara lenye upana wa kutosha na lisilojaa kokoto kwenye kona, na dereva wa probox anayejua kwamba honi haimsogezi mtu aliyekwisha kuwa ukingoni.

Kuhusu kupanda kwenyewe sina mengi. Gia ndogo kabisa, pumzi, na subira. Baada ya Biretwo barabara inaanza kuinuka kwa dhati na haipumziki hadi umefika kwenye bapa la mlima ambapo pana Tambach, na hapo ukae unywe chai nyingine. Malori hupanda polepole kiasi kwamba utashawishika kudandia nyuma. Usifanye hivyo. Lori likipangua gia linatikisika na kurudi kidogo, na mkono wako uko kwenye chuma. Bodaboda watakupita wakikucheka na kukutia moyo kwa pumzi moja, na ukiwaitikia "Chamgei", salamu ya Kikalenjin, utasindikizwa kona mbili tatu. Katika kona za juu huenda ukapitwa pia na vijana wenye baiskeli nyembamba za mashindano, maana Iten si ya wakimbiaji pekee. Marehemu Suleiman Kangangi wa timu ya baiskeli ya Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 akishindana Vermont, Marekani, ni mmoja wa waliotuonyesha kwamba Mkenya anaweza kuishi kwa mchezo huu. Waache wapite. Wao wanahesabu dakika, wewe umebeba chupa ya asali kwenye mkoba.

Tatizo la kweli la mpango wangu ni kuifikisha baiskeli Kabarnet. Kutoka Nakuru kuna matatu zinazopitia Marigat, na baiskeli inapanda juu ya keria. Patana na kondakta nauli ya baiskeli kabla haijafungwa, si mkishafika. Toa gurudumu la mbele, na hakikisha upande wenye gia unatazama juu, kwa sababu gunia la viazi likikaa juu ya kibadilisha gia, safari yako itaishia kwa fundi. Lala Kabarnet. Najua kuna watu wenye miguu ya chuma watakaosema, mbona nisishukie Marigat nikapanda Tugen kwa baiskeli, nikaunganisha? Panda siku ya kwanza ukitaka, ni mlima mzuri nao. Ukiunganisha vyote siku moja utafika Cheploch saa saba mchana, jua likiwa utosini, na kivuli cha Elgeyo kitaanza kukusaidia giza likiwa limekaribia.