Kuhusu sokwe wa Sweetwaters kutozaa

Asante kwa makala kuhusu Sweetwaters, kituo cha kulea sokwe yatima katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Msomaji mmoja aliuliza kwa nini sokwe wa kike wa pale wanapangiwa uzazi ili wasizae, akaita huo ukatili. Hapana, ndugu yangu. Sokwe si wanyama wa Kenya. Wa kwanza waliletwa kutoka Burundi miaka ya 1990, vita vilipochacha, na kituo kikafunguliwa 1993. Hawana msitu wa kurudi. Kila mtoto atakayezaliwa hapo ataishi ndani ya ua wa umeme hadi uzeeni, na sokwe huweza kufika miaka 50. Mtoto huyo akijaza nafasi moja, sokwe yatima mwingine aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba ya mtu atapelekwa wapi?

Nilipokwenda niliona sokwe akitembea wima kama mtu. Nilicheka, hadi mlezi aliponieleza: huyo ni Poco, alikaa miaka mingi Bujumbura katika kizimba kidogo cha kuning'inia, hana pa kukalia vizuri ila kusimama. Mguu ukazoea hivyo. Sikucheka tena. Walezi wale huwaita jioni mmoja mmoja kwa jina waje kula na kulala ndani. Tuwaulize wao kwanza kabla ya kuita huo ukatili.